Perere wa Wino Mweusi

Mwaka ule bendera ya Uhuru ilipopandishwa, Elinipendo Mtui ndiyo kwanza alikuwa ameanza kufundisha shule ya msingi huko Mwika. Watu walimjua kwa mambo mawili: kwamba ni binti wa mzee Ebenezeri, na kwamba anajua kuchora. Walimu wengine wakichora mtu ubaoni walichora duara na vijiti vinne, wakaendelea na somo. Elinipendo akifundisha habari za kahawa, mbuni ulisimama pale ubaoni na matunda yake mpaka mtoto akatamani kunyoosha mkono achume. Wanafunzi wa zamu walikuwa wakigombana nani afute ubao, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa yeye.

Nyumbani kwao kulikuwa kimya. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la nne. Kaka zake wawili walishuka tambarare, mmoja akaenda kwenye mashamba ya miwa, mwingine Mombasa. Mwanzoni walikuwa watu wa kuja Krismasi. Baadaye wakawa watu wa kutuma salamu. Mwishoni hata salamu zikakoma. Aliyebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo lenye migomba na mibuni, ni yeye na baba yake.

Mzee Ebenezeri hakuwa mkali wala mlevi. Alikuwa amenyamaza tu. Jioni akishamaliza kumkatia ng'ombe majani, alikaa juu ya gogo nje ya nyumba, amejifunika blanketi la kijivu, mabega yameinuka karibu kugusa masikio, kana kwamba baridi ile ilimtoka ndani na siyo mlimani. Binti yake akimletea chai alisema, "Asante, mama," na hapo maneno ya siku yalikuwa yamekwisha. Huko juu msituni perere walianza kulia. Perere ni mnyama mdogo, si panya si sungura, hana mkia, mchana hujificha kwenye mashimo ya miti, na giza likiingia hulia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Zamani wazee waliwawinda na kushona ngozi zao ziwe vazi la baridi. Mzee akiwasikia aliinua kichwa kidogo, halafu akakirudisha.

Mwaka wa 1964 shule ilipata mwalimu mpya kutoka Machame, jina lake Filemon. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, na darasa lake lilikuwa halipitishi nusu saa bila kicheko. Siku moja alimfuata Elinipendo chini ya kengele, ameshika karatasi zilizokunjwa.

"Mwalimu, nimeandika hadithi ya watoto. Nchi imepata uhuru na watoto wetu bado wanasoma habari za theluji za kwa watu, wakati theluji yao wanaiona kila asubuhi wakienda kuchota maji. Nichoree."

"Inahusu nini?"

"Perere."

Elinipendo alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Perere ana hadithi gani, zaidi ya kelele?"

"Ndiyo hadithi yenyewe. Kwa nini anapiga kelele?"

Hadithi ilikuwa nyepesi. Perere, mwenye maneno mengi, anachoka na baridi ya msituni. Anaona Mlima amejifunika blanketi jeupe, tena kubwa, anasema mtu mwenye blanketi kubwa hivyo hawezi kukosa kipande cha kumpa jirani. Anapanda. Njiani wanyama wanamkanya, yeye anawajibu kwa majigambo. Mlima anampa kipande. Perere anashuka nacho mbio, na kila anapopita kinazidi kupungua, hata anapofika nyumbani ana maji tu viganjani. Tangu hapo kila usiku anamwita Mlima amletee kipande kingine. Filemon aliiita hadithi hiyo *Perere Aomba Blanketi*.

Siku za Jumamosi, darasa likiwa tupu, Elinipendo alikaa karibu na dirisha akachora kwa kalamu ya chuma na wino mweusi. Filemon alikaa dawati la pili akisahihisha madaftari na kupiga mluzi. Elinipendo alichora unywele mmoja mmoja wa perere, kwa mistari myembamba kama nyuzi za buibui. Hakukusudia, lakini perere wa kwanza alipokauka aliona mabega yake yameinuka mpaka masikioni. Akamtazama kwa muda mrefu. Hakumbadilisha. Ukurasa baada ya ukurasa, perere yule alikuwa mdogo, chini kwenye pembe ya karatasi, ametupa mgongo, na mbele yake weupe mtupu ambao ndio Mlima. Picha ya mwisho ilikuwa perere peke yake juu ya tawi, viganja wazi, hana kitu.

Walipopeleka kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Moshi, mpangaji wa herufi, kijana wa Kibosho aliyeitwa Leodegar, alizipekua picha polepole kisha akauliza, "Dada, mbona wanyama wengine hawapo?"

"Karatasi ni ndogo," alijibu Elinipendo.

Kitabu kikatoka, chembamba, jalada la kijani. Kikaenda kwenye shule za mlimani, kikashuka hadi Bomang'ombe na Same, na baada ya miaka michache ukimwuliza mtoto yeyote wa Mwika perere yukoje, aliinua mabega.

Mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, Filemon alipeleka mshenga kwa mzee Ebenezeri. Mzee alikuwa ameanza kukohoa wakati huo, kikohozi cha kumfanya ashike mti. Elinipendo alisema, "Ninakubali, ila nisubirini mzee apate nafuu." Filemon akasubiri. Kahawa ikachumwa, ikachumwa tena. Mzee hakupata nafuu, wala hakufa. Ofisi ya elimu ikamhamishia Filemon Dar es Salaam, na huko akaoa. Hakumficha, alipanda mlima mwenyewe kuja kumwambia, akasimama mlangoni amevua kofia, akashindwa kumaliza sentensi. Elinipendo akamalizia kwa niaba yake: "Nimeelewa, Mwalimu. Mungu awabariki."

Mzee alifariki mwaka 1971, msimu wa mvua kubwa. Walimzika katikati ya migomba, kama desturi. Watu walipoondoka Elinipendo aligundua kwamba baba yake hakuwahi kupigwa picha hata moja. Alitafuta kwenye sanduku la nguo, kwenye Biblia, nyuma ya kioo. Hakuna. Usiku ule alichukua kitabu chenye jalada la kijani, akafungua ukurasa wa mwisho, na pale alipo perere na viganja vyake vitupu alimwona mzee wake amekaa. Tangu siku ile kitabu hakikurudi rafuni. Alikiweka karibu na taa.

Akaishi hivyo. Asubuhi shule, jioni ng'ombe na migomba, Jumapili kanisa. Shule zilijaa, walimu wakawa hawatoshi, Mwika ikaandikishwa kuwa vijiji vya Ujamaa, mikutano ikawa mingi. Yeye alihudhuria yote na kurudi nyumbani. Akifika alijisemea mwenyewe, "Hodi," na kujijibu, "Karibu," kwa sababu nyumba isiyobishiwa hodi husahau kuitika.

Mwaka 1976 Mwalimu Mkuu, Sirili, aliingia ofisini anatabasamu mpaka kwenye masikio.

"Mwalimu Elinipendo, una habari? Perere wako amekuwa sinema!"

"Sinema?"

"Nchi moja rafiki huko Ulaya ya Mashariki wametutengenezea. Sinema ya kuchora, wanyama wanatembea na kusema. Gari la sinema linakuja Ijumaa, na Mwalimu Filemon atakuwemo. Uje umevaa vizuri, mama. Wewe ndiye mwenye arusi."

Wiki ile Elinipendo hakuweza kula vizuri. Akikamua maziwa aliwaza: atatembeaje? Kwenye karatasi perere alikuwa amekaa au amesimama. Hakuwahi kuinua mguu. Je, wakimtembeza, mabega yatashuka kidogo anapopanda, kama ya mzee alipokuwa akibeba mzigo wa majani? Atageuka? Maana kitabuni uso wake haukuonekana kamili hata mara moja, na Elinipendo alifikiri, kwa hofu na kwa hamu, kwamba Ijumaa mtu huyo angegeuka na kumtazama.

Alivaa kitenge kipya na kitambaa cha kichwa. Uwanja wa shule ulijaa kabla giza halijaingia. Watu walitoka vijiji vya juu na vya chini, wazee wamekuja na vigoda vyao. Filemon alishuka kwenye gari, kichwa kimeanza mvi, tumbo limeanza kutangulia, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Mwalimu Elinipendo! Hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Karibu mlimani."

Alikalishwa mstari wa mbele, kati ya Sirili na mwalimu mwenzake Mektrida. Jenereta likanguruma, shuka jeupe likaangaza, muziki ukalia.

Akatokea mnyama wa manjano. Alikuwa na macho makubwa kama visahani, suruali ya buluu yenye kanda mbili, na meno mawili mbele. Aliruka, akadunda, akapiga sarakasi. Alikuwa na rafiki, ndege mwekundu mwenye kigugumizi, aliyemfuata kila aendako. Kima walicheza ngoma. Mlima alikuwa na uso, na masharubu ya theluji, na alipocheka mawe yaliporomoka na kumfukuza yule wa manjano hadi bondeni. Huyo wa manjano alisema Kiswahili cha Dar es Salaam, cha haraka, cha kuchekesha. Blanketi lilipoyeyuka wanyama wote walikusanyika, wakamzunguka, wakamkumbatia ili wao wawe blanketi lake, na wote wakaimba.

Uwanja ulilipuka. Watoto waligaragara kwenye nyasi. Mzee mmoja nyuma alicheka hadi akapigwa mgongoni. "Rudia! Rudia!" watu wakapiga kelele, na sinema ikarudiwa. Mektrida alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kitenge. Alipogeuka kumwambia mwenzake neno, aliona uso wake, akageukia tena shuka.

Mwishoni yalipita maandishi ya kigeni, kisha ya Kiswahili: hadithi ya Filemon. Elinipendo alingoja jina lake. Shuka likawa jeupe tupu.

Kesho yake asubuhi Filemon alibisha hodi kihambani. Elinipendo alimpikia mtori wa ndizi na nyama, kama anavyopikiwa mgeni, akakaa mbele yake. Walizungumza habari za bei ya kahawa na za watoto wake Filemon. Kisha bakuli likaisha.

"Umenyamaza, Mwalimu," alisema Filemon.

"Niseme nini?"

"Useme hukuipenda."

"Watoto wameipenda."

"Nimekuuliza wewe."

Elinipendo alikusanya makombo ambayo hayakuwepo mezani. "Picha zangu mliwapelekea?"

"Tuliwapelekea kitabu kizima. Wakazisifu mno. Lakini wakasema hazitembei."

"Hazitembei?"

"Kila unywele ule ungetakiwa kuchorwa upya maelfu ya mara. Halafu wakasema, huyu mnyama wenu amekaa tu. Hata pale anapopanda mlima, amekaa."

"Wamemwondolea mabega."

"Mabega gani?"

Elinipendo alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Mtu yule alikuwa amekaa kwenye gogo pamoja na mzee Ebenezeri jioni ngapi, akinywa pombe ya mbege na kumsimulia vichekesho visivyojibiwa, na hakuwahi kuyaona.

"Elinipendo," alisema Filemon polepole, na hakuwa amemwita hivyo tangu miaka ile, "nikwambie jambo, usikasirike. Mimi niliandika hadithi ya kuchekesha. Ilikuwa ya kuchekesha tangu mwanzo hadi mwisho. Wewe ukaichora ya huzuni. Wale watu hawakuibadilisha. Walisoma maneno, wakafuata maneno."

"Wewe ulizipenda zile picha. Ulisema hivyo mbele yangu."

"Nilizipenda. Nilikuwa nakupenda wewe. Nilizitazama nikajisemea, kumbe binti huyu ni mpweke kiasi hiki, basi mimi nitauondoa upweke wake." Alizungusha kofia mkononi. "Nilikuwa kijana. Kijana hudhani upweke ni kama kibanzi, unashika, unavuta, umekwisha."

Elinipendo aliondoa bakuli. Alimsindikiza hadi barabarani, kama heshima inavyotaka, wakaagana kwa mkono.

Aliporudi alichukua kitabu. Alikuwa amekitazama kila siku kwa miaka mitano, lakini maneno yake hakuyasoma; nani husoma maneno anayoyajua? Safari hii alifunika picha kwa kiganja, akasoma kama mgeni. Perere alikuwa mpayukaji. Alimwambia nyoka, "Wewe huna hata mabega, blanketi ungelivaa wapi?" Elinipendo akacheka peke yake, akashtuka. Na ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya perere pekee na tawi lake, Filemon alikuwa ameandika: *Wanyama wote wakaja kuona. Wakacheka, naye Perere akacheka pamoja nao.*

Akaondoa kiganja. Hapakuwa na mnyama hata mmoja. Akakumbuka swali la yule kijana wa kiwandani na jibu lake, kwamba karatasi ni ndogo. Karatasi haikuwa ndogo. Zaidi ya nusu yake ilikuwa nyeupe. Kumbe hakuna aliyekuwa amemwambia awaache nje. Aliwafungia mlango mwenyewe, akambakiza mzee wake peke yake pale kwenye tawi, na watoto wa wilaya nzima wakamtazama mzee na kudhani ni hadithi ya perere.

Hakulia. Aliketi mpaka ng'ombe alipoanza kulalamika kwa njaa.

Haukupita muda Sirili akamwomba achore ukutani, upande wa barabara, kwa sababu wageni wa wilaya walikuwa wanakuja. "Tuchoree Perere, Mwalimu. Lakini yule wa sinema," akasema, na akatazama viatu vyake. "Ndiye watoto wanayemtaka."

"Hakuna neno," alisema Elinipendo.

Mektrida alimkuta amesimama juu ya dawati, brashi mkononi, anapaka suruali ya buluu. Ndege mwekundu alikuwa tayari, kima wa ngoma tayari, Mlima na masharubu yake tayari. Hata nyoka alikuwepo. Picha ilikuwa nzuri. Mtu aliyepita barabarani alisimamisha baiskeli.

"Haikuumi?" aliuliza Mektrida.

Elinipendo alichovya brashi. "Hainiumi. Na hiyo ndiyo inayonisumbua."

Miaka ikaenda. Vita vya Kagera vikaja vikapita, sabuni ikawa ya kupanga foleni, karatasi ikawa adimu hata watoto wakaandikia juu ya madaftari ya kaka zao. Pamoja na shida hiyo kitabu kilichapwa upya, kwa msaada wa wale wale wa sinema: karatasi ya kung'aa, perere wa manjano kila ukurasa. Shule ililetewa boksi zima. Vitabu vya jalada la kijani vilikuwa vimechakaa, vikakusanywa stoo, na panya wakavifanyia kazi yao. Watoto wa sasa ukiwauliza perere yukoje, walirukaruka.

Mwaka 1982 Elinipendo alisikia kile kiwanda cha uchapaji kinafungwa, mashine zimekufa na vipuri hakuna. Akapanda basi kushuka Moshi. Alimkuta Leodegar, kijana wa zamani, sasa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, anafunga makasha.

"Dada wa perere!" akasema. "Nilikuwa najiuliza nitakupataje." Alitoa bahasha kubwa ya kaki, ndani yake zile picha zenyewe, karatasi nene na wino wake, zimesalimika. Elinipendo alizipitia. Akafika mwisho, akarudia tena.

"Ya mwisho haipo."

Leodegar alivua miwani. "Ya mwisho ninayo mimi nyumbani, dada. Mwaka ule tulipomaliza kuchapa, mtoto wetu alifariki kwa surua. Alikuwa wa pekee. Mke wangu alikuja hapa kunitafuta siku moja, akaiona juu ya meza, akasema hataondoka bila hiyo picha. Nikampa. Haikuwa yangu kutoa, najua. Twende, uichukue."

Walikwenda kwa miguu hadi mtaa wa Soweto, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa matete. Mke wa Leodegar, Justina, alikuwa anachambua mchele. Mumewe alipomwambia, "Huyu ndiye mwenye ile picha," yule mama hakuuliza kitu. Alijipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka nayo mikononi. Ilikuwa kwenye fremu ya mbao za boksi. Moshi wa jikoni ulikuwa umeigeuza rangi, weupe wote umekuwa kama chai ya maziwa.

"Nilijua iko siku mwenyewe atakuja," alisema, akaifuta kioo kwa upindo wa kanga ingawa hakikuwa na vumbi. "Nimeitunza."

Elinipendo aliipokea. Leodegar akasema anakwenda dukani kuulizia sukari, akawaacha.

"Mama," alisema Justina, "nikuulize. Mimi shule sikusoma. Huyu bibi kizee hapa kwenye tawi, ni nani?"

Elinipendo alifungua mdomo aseme ni perere. Akaona ni mbali mno kuanzia huko.

"Si bibi. Ni baba yangu."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Maneno yalitoka madogo, yakakaa pale uani kati yao.

"Aa," alisema Justina. "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Mtoto alipoondoka watu walikuja wengi. Huyu anasema jikaze, yule anasema Mungu atakupa mwingine. Walinichosha, Mungu anisamehe. Huyu baba yako yeye hakuniambia kitu. Nilikuwa nikiamka namkuta. Amekaa na mambo yake, mimi nimekaa na ya kwangu." Alisogeza ungo. "Mtu wa kukaa na mtu bila kumsumbua ni adimu. Lazima alikuwa mtu mwema."

Elinipendo alimtazama yule mnyama kwenye rangi yake ya chai. Maisha yake yote alidhani baba yake alimwachia ukimya kwa kukosa cha kumpa. Hakuwahi kufikiria jioni zile kwamba mtu ameketi nje kwenye baridi, na blanketi lake, akimngoja binti yake alete chai, ingawa ndani kulikuwa na moto wa kuota.

"Alikuwa mwema," alisema.

Akairudisha picha mikononi mwa Justina. Yule mama akaikataa mara moja, kama adabu inavyotaka, na mara ya pili akaipokea. Elinipendo aliona namna alivyoishika, akajua hata kama angeichukua, ukuta wa nyumba hii ungebaki na alama yake.

Walikunywa uji. Leodegar alirudi bila sukari. Wakamsindikiza hadi stendi, Justina akamwambia, "Ukishuka mjini, pita," naye akasema atapita. Kwenye basi, bahasha ikiwa magotini, alikaa dirishani mpaka mwisho wa safari, na hakuna aliyemsemesha.

Jumamosi iliyofuata alitoa meza nje kwenye mwanga. Tangu ile picha ya ukutani alikuwa hajachora chochote ambacho hakikuwa cha ubaoni. Wino haukuwepo madukani, akachonga penseli. Akamchora Justina na ungo wake, na akatoka vizuri, kichwa kimeinama, kanga imeteleza begani. Kisha akajaribu kumchora mtu wa pili karibu yake, mwanamke aliyeshika kikombe cha uji, yeye mwenyewe. Huyo hakukubali. Mara yuko mbali mno na mwenzake, mara wanaonekana kama watu wawili wanaongoja mabasi tofauti. Akafuta, akachora, akafuta tena mpaka karatasi ikaanza kutoboka mahali pale.

Ng'ombe akalia zizini. Elinipendo aliweka jiwe juu ya karatasi upepo usiichukue, akachukua panga, akaenda kukata majani.